Fundi Macho Kodo na Gauni la Mpwa Wake

Umeniganda nikuandikie habari za Macho Kodo, kana kwamba vidole vyangu ni vya karani. Haya, shika.

Fundi huyu wa nguo alijivunia kulala masaa matatu tu. "Usingizi ni wa wavivu," alisema, huku akisinzia juu ya cherehani. Vipimo vya wateja hakuviandika, aliviweka kichwani. Kichwa chenyewe sasa!

Jumatano mpwa wake alikuja kujaribu gauni la harusi yake ya Jumamosi. Mkono mmoja ulimbana, wa pili ukameza vidole.

"Mjomba, kwani mimi nina mikono ya watu wawili?"

"Ndiyo mtindo wa sasa," fundi akajibu, jasho likimtoka.

Binti akaanza kulia. Mama yake, muuguzi aliyekuja naye, akamnyang'anya kaka yake mkasi.

"Kaka, usingizi una ngazi. Kwanza mwepesi, kisha mzito, mwili unapojikarabati, kisha wa ndoto, akili inapopanga mambo ya mchana. Ngazi hizo hurudi tena na tena mpaka alfajiri. Wewe unaziruka, halafu unauliza vipimo vimekwenda wapi! Kalale!"

Bingwa wa kukesha akalala, akakoroma mpaka kukakucha. Alipoamka alimpima binti upya, akaandika daftarini, akakata mikono mingine. Jumamosi gauni lilimkaa bibi harusi sawasawa, na mjomba akapokea sifa kana kwamba usingizi ameuvumbua yeye.

Nimemaliza. Nawe zima simu ukalale, kesho uje unisomee haya kwa sauti, maana mwandiko wangu umenichosha macho.