Mpinzani Aliyeandikiwa Vizuri Mno

Mwalimu Anjeline Alupo alifundisha darasa la saba katika shule moja ya msingi karibu na Malaba. Kwa miaka yote niliyomfahamu sijamsikia akimlaumu mtu kama anavyojilaumu mwenyewe kwa barua ya Septemba 1967.

Mwaka huo wazazi walikuwa wamemaliza jengo la harambee, kuta za matofali na paa la mabati. Anjeline alilitaka liwe bweni la wasichana. Darasani mwake walibaki wasichana wanne tu, na watatu kati yao walivuka Mto Malakisi kila asubuhi. Mto ukijaa, hawaji. Mtihani ulikuwa Novemba, na mvua nayo. Yeye mwenyewe aliishi chumba kimoja na watoto wake watatu. Hakuwa na pa kuwalaza. Mzee Emojong, mwenyekiti wa kamati ya shule, alitaka jengo liwe ghala la pamba mpaka msimu uishe.

Anjeline aliamua barua ya kuiomba kamati iandikwe na Apeduno, msichana wa ng'ambo ya mto mwenye mwandiko mzuri na mdomo mkali. Wazee wangeona haya kumkatalia mtoto. Akamfundisha kama alivyofundishwa chuoni: usimkimbie anayekupinga. Eleza hoja yake kwanza, kwa haki, vizuri hata kuliko anavyoieleza yeye, kisha uijibu.

"Mwalimu, nimsemee mzee Emojong? Yeye hana mdomo?"

"Ukimdharau hatakusikiliza."

"Na nikimsemea vizuri akashinda?"

"Hawezi. Majibu yako yako ukurasa wa pili."

Waliiandika mara nne. Ukurasa wa kwanza ulitoka mzuri kweli.

Kamati ilikutana Jumamosi. Katibu, bwana Okwara, alisimama kusoma. Wazee wengi hawakukijua Kiswahili cha vitabuni, kwa hiyo, kama kawaida ya mikutano yote ya hapo, alisoma kipande, akakitafsiri kwa Kiteso, akanyamaza wazee wakiitikie, ndipo akaendelea. Anjeline, aliyekaa nyuma na akina mama, alikuwa amehudhuria mikutano hiyo miaka sita. Hakuwahi kufikiri kwamba barua ingesomwa hivyo hivyo.

"Pamba ikilowa, nyumba nzima inalala njaa," Okwara akatafsiri.

"Kweli!"

"Na pamba hiyo ndiyo inayotulipia karo sisi wasichana. Bila karo, hata mto ukikauka hatutakuja."

Makofi. Mzee mmoja akacheka. "Emojong, huyu binti umemzaa wewe?"

"Ningekuwa na watano kama huyu, ningelala mchana kutwa," Emojong akajibu, akainuka. "Wanaokubaliana na mtoto wainue mikono."

"Mzee, kuna ukurasa wa pili," Okwara akasema.

"Wa nini tena? Si amekwisha kukubali?"

Mikono ikainuka, hata ya akina mama wawili. Anjeline akasimama bila kuombwa. "Mzee, hayo si maneno yake! Ni yako!"

"Ndiyo maana ni mazuri, mwalimu."

Walicheka mpaka kikao kikafungwa.

Siku tatu baadaye Apeduno alileta barua nyingine ambayo hakuna aliyemwagiza. Safari hii hakumpa mzee Emojong ukurasa. Hakumpa hata sentensi nzima. "Pamba mnayoogopa italowa ina nyumba zenu zote za kuihifadhi, lakini sisi tukinyeshewa hatuna hata moja." Yote ilikwenda namna hiyo, hoja na jibu lake katika pumzi moja, mtafsiri asipate pa kukatia. Anjeline alikaa na kalamu nyekundu mkononi asione pa kuitumia. Mtoto alikuwa ameona peke yake jambo ambalo chuo hakikumfundisha mwalimu wake, na kilichomuuma Anjeline ni kwamba mtoto alikuwa amelionyesha wazi tangu mwanzo, naye akamjibu kwamba mzee hawezi kushinda.

Akampelekea Okwara barua hiyo nyumbani.

"Hii ni kali," Okwara akasema, akaikunja. "Tutaijadili mwakani."

"Mwakani Apeduno hatakuwa darasa la saba, bwana Okwara."

"Basi itamsaidia mwingine. Uamuzi umepita, mwalimu. Nikiufufua, Emojong atanitafuna mimi."

Novemba, mto ulijaa asubuhi ya mtihani wa hesabu. Anjeline alishuka mpaka ukingoni. Upande wa pili walisimama wasichana watatu, viatu mikononi. Apeduno alikuwa akipaza sauti, lakini maji hayakuruhusu neno lifike. Anjeline aliwapungia mkono warudi nyumbani, akapiga kelele naye, ya hasira tu, isiyo na maneno. Kisha akarudi shuleni, ambako msichana mmoja alikuwa akifanya hesabu kati ya wavulana ishirini na wawili.