Nilipolala Mlangoni mwa Kanisa kwa Ajili ya Texas

Jambo hili likinijia nikiwa peke yangu garini huwa nazima redio, kana kwamba redio nayo ilikuwepo ikaniona. Mimi si msemaji, wanaonijua wanajua, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtu akikwambia kwamba ni mimi niliyelala chali mlangoni mwa kanisa mjini Minneapolis, nimevaa koti la marehemu, namuuliza mzee wa watu swali la jiografia, utamwambia amekosea mtu. Hajakosea.

Kaka yangu Stefano alifariki mwezi wa tatu, theluji bado imejaa mitaani, moyo ulimsimama akiwa kazini kwenye ghala moja huko Plymouth. Alimwacha shemeji yangu Darla, Mmarekani mweusi wa mashariki mwa Texas, ambako kaka aliishi kabla ya kunifuata huku Minnesota. Msiba ukawekwa kwao, kwenye fleti ya Columbia Heights, na nyinyi mnajua msiba wetu ulivyo, Watanzania, Wakenya, Wakongo wa kanisani, viatu vimejaa hadi kwenye korido, sufuria haziishi jikoni. Baba yake Darla, Mzee Roy, akaja kutoka Texas, mzee mrefu, mpole, kofia mkononi, akakaa karibu na binti yake pale kwenye kochi bila kusema mengi.

Kulikuwa na jambo moja halijaamuliwa, na ndilo lililokuwa likinitafuna mimi: Stefano azikwe wapi. Mzee Roy alitaka akalale Texas, kwenye makaburi ya ukoo wao, ardhi isiyoganda. Mimi nilitaka abaki huku, maana upande huu wa dunia sina ndugu mwingine wa tumbo moja, na kaburi lake nilishaliwazia kama mahali pa kwenda kila Jumapili nikitoka ibadani. Kwa sheria za huku neno ni la mke. Darla aliniita jikoni akaniambia anaelekea kumwacha Stefano huku, karibu na mimi, ila atalitamka rasmi Jumamosi baada ya ibada, mbele ya baba yake. Nilimshukuru mpaka nikaishiwa maneno (na maneno yangu ni machache tangu mwanzo).

Sasa, ubishi. Ulianzia kwa Kamau, muuguzi Mkenya, rafiki wa kaka, aliyesema tu kwamba mzee amesafiri mbali, kutoka Kusini kote kule. Papa Faustin, Mkongo wetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kiwanda cha nyama kule Texas, akamkatiza, akasema Texas si Kusini hata kidogo, ni Magharibi, yeye ameiona kwa macho yake, nyika kavu isiyo na mti, upepo, ng'ombe na watu wa farasi. Kamau akamjibu kwamba ng'ombe si hoja, majimbo yaliyopigana vita ili yabaki na watumwa ndiyo Kusini, na Texas ilikuwemo. Mama mmoja akatoa kichwa jikoni akasema nusu ya watu wa kule wanaongea Kihispania, basi tuwaachie Meksiko tuendelee na maombi.

"Papa Faustin," Kamau akamwambia, "wewe ulikuwa unakata nyama, hukuwa unachora ramani."

"Na wewe ulibadilisha ndege pale, ukanywa kahawa moja, leo ni profesa."

Tukacheka. Niseme ukweli, na mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya Plymouth, nikajiona kama mtu aliyefunguliwa mkanda uliokuwa umebana. Kwa hiyo jioni iliyofuata tukauanzisha tena, na iliyofuata tena, kila mgeni akiingia anapewa pole, anapewa chai, kisha anaulizwa Texas ni upande gani. Yote kwa Kiswahili, bila shaka. Darla na baba yake wakiwa pale pale kwenye kochi.

Katikati ya hayo shangazi akapiga simu kutoka Songea. Kwa wasiotujua: sisi ni Wangoni, na kwetu msiba hauendi bila watani, na watani wetu wakubwa ni Wahehe. Mtani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, huziba njia jeneza lisipite mpaka apewe anachodai, na wafiwa wanajikuta wanacheka huku wanalia, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Shangazi akauliza, watani mnao huko? Minnesota yote simjui Mhehe hata mmoja. Lakini sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, nami nikawaza kicheko cha sebuleni, nikamjibu kwamba Watexas wapo, tunataniana nao kila siku. Shangazi akafurahi, akasema ukoo wote utakusanyika kuwaona watani hao kwenye simu siku ya ibada.

Hilo jibu moja ndilo lililonimaliza.

Nilimwomba Kamau awe mtani. Akasema yeye ni Mkikuyu, kwao mtu akilala mbele ya jeneza anapelekwa hospitali. Papa Faustin akasema "non, non, petit," yaani hapana, mdogo wangu, akajifanya anaitwa jikoni. Sasa mfiwa hawezi kuwa mtani wa msiba wake mwenyewe, hilo hata mtoto wa Kingoni analijua, ila mimi nikajishawishi kwamba huku ni ugenini na Mungu anaona hali halisi. Jumamosi asubuhi nikachukua koti la kazi la kaka, lililorudishwa kutoka ghalani likiwa ndani ya mfuko, nikalificha kwenye gari.

Ibada ikaenda vizuri. Kwaya ikaimba, mchungaji hakuchosha watu, Kamau amesimama na simu anawarushia Songea. Jeneza likainuliwa litolewe nje, lirudi mochwari kwanza, Mzee Roy mbele, Darla amemshika mkono. Nikatangulia mlangoni, nikavaa koti, nikatembea mwendo wa kaka (alikuwa anarusha mguu wa kulia kidogo), kisha nikajilaza chini nikaziba mlango mzima, nikasema kwa Kiingereza changu cha shifti za kazini, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa maishani:

"Mzee, hupiti hapa mpaka useme Texas ni Kusini au ni Magharibi!"

Nilisubiri kicheko. Nikasikia viatu vya wabebaji vikisimama kimoja kimoja. Kisha, kutoka kwenye simu ya Kamau, vikalipuka vigelegele vya Songea nzima, shangazi akiongoza, ndani ya kanisa lililonyamaza, na Kamau kwa kuhangaika kuizima akaongeza sauti.

Mimi bado niko chini. Naona dari, naona uso wa Mzee Roy umeinama juu yangu. Hakupandisha sauti.

"Kijana," alisema, "babu yangu alichuma pamba kwenye shamba la mtu mwingine mpaka vidole vikapinda visinyooke tena. Ungemuuliza yeye kama ni Kusini. Sasa inuka, umevaa koti la mkwe wangu."

Siku zote zile tulikuwa tunalirusha lile neno watumwa sebuleni kama mpira, na mjukuu wa wale watu amekaa kwenye kochi anashika kikombe chetu cha chai. Nilijaribu kuinuka nikakanyaga pindo la koti, nikaanguka tena, kwa goti. Nikamgeukia shemeji nimwombe radhi, na hapo nikamwona. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, anaangalia sakafu, si mimi. Lile koti kaka alikuwa nalo mwilini siku alipoanguka. Mimi nilikuwa nimechukua vazi, yeye alikuwa anamwona mume wake chini.

Baadaye, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, chakula kimepoa na hakuna anayekigusa, Kamau alinisaidia kwa Kiingereza chake kizuri. Alimweleza habari ya watani, Wahehe, shangazi, ubishi wote tangu mwanzo. Darla alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi, si Kamau.

"Wiki nzima nimekaa sebuleni kwangu nasikia neno moja tu ninalolielewa," alisema. "Texas. Halafu mnacheka. Nilidhani mnanicheka mimi. Nilikuwa najiambia hapana, hawa ni watu wa Stefano, hawawezi."

Nikamwambia hatukuwa tunamcheka. Akasema sasa anajua. Akasema hana kinyongo na mimi, na nilimwamini, kwa sababu alinishika bega alipokuwa anasema. Kisha akamtazama baba yake.

"Tunampeleka nyumbani."

Ningebisha nini, na wiki nzima tulibisha habari za kwao bila kumgeukia hata mara moja kumuuliza yeye aliyezaliwa kule?

Stefano tulimzika Texas. Nilisafiri nao, nikitegemea ama ile nyika ya Papa Faustin ama mashamba ya watumwa ya Kamau, na nilipigwa na butwaa tuliposhuka kwenye gari pale makaburini, maana palikuwa na misonobari mirefu na udongo mwekundu, mwekundu kama wa kwetu, nikauchukua mkononi nikashindwa kuutupa juu ya jeneza mpaka Mzee Roy akanigusa kiwiko. Hakuna aliyewahi kututajia udongo ule. Kaka lazima aliujua. Hakuna aliyemuuliza wakati yuko hai, mimi nikiwemo.

Jumapili sina kaburi la kwenda. Nikitoka kanisani napita kwa shemeji, amebaki huku Columbia Heights kwa sababu ya kazi yake, nakaa kwenye lile kochi, na watu wetu wakija wakaanza stori kwa Kiswahili naidaka, namgeuzia Darla kwa Kiingereza changu kibovu, neno kwa neno, hata upuuzi, hata vichekesho visivyochekesha. Wanalalamika kwamba nawaharibia utamu wa maneno. Waache walalamike. Na utani msibani nimeshauapia, sitaufanya tena, hata nikikutana na Mhehe halisi katikati ya theluji amenifungulia mikono. Nitampa chai, nitamwonyesha pa kukaa, na nitamwomba kwa heshima zote asiniulize chochote.