Sekunde Thelathini za Nkwimba

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nikiwa Bariadi mjini, katika chumba nilichopanga pamoja na Nkwimba, mwenzangu wa chuo. Tulikuwa tukitengeneza isolo, bao letu la Kisukuma, ili watu walicheze kwa simu, kila mmoja akiwa kwake. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya saa inayohesabu kurudi nyuma: kila zamu sekunde thelathini.

Ijumaa ilifanya kazi vizuri. Jumamosi, Mwanangu, kila zamu yangu ilisoma sifuri kabla sijagusa kete. Ya Nkwimba ilihesabu hadi mwisho.

Ningepaswa kuanza kulitafuta kosa katika kazi yangu. Nililitafuta kwa mwenzangu. Nikabadilisha nywila bila kumwambia, nikapekua programu yake mstari kwa mstari, nikawa nafunika daftari langu kila alipopita.

"Dada, mbona unanitazama kama nimekutwa uani kwako na tunguri?" aliuliza akicheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamjibu.

Kicheko kikakatika. Kesho yake alifunga begi, akarudi kwao Nkoma.

Jumatatu nilikwenda nyumbani Nassa kumshtaki kwa mama, Mayu kama tunavyomwita. Mayu alinisikiliza hadi mwisho, huku akipepeta mchele.

"Ulichezea simu gani?"

"Hii yangu."

"Si ndiyo uliyosema umeisogeza saa yake mbele dakika tano Ijumaa jioni, ili basi lisikuache tena? Unaidanganya saa mwenyewe, halafu mwongo awe mwenzako?"

Hapo nikaliona kosa. Programu yangu ilipokea kutoka kwenye seva, kompyuta iliyotuunganisha, saa ambayo zamu ingekwisha, kisha ikailinganisha na saa ya simu ya kila mchezaji. Kwenye simu yangu, zamu ilikwisha kabla haijaanza.

Aibu ilinichelewesha wiki tatu, na wakati huo Nkwimba alikuwa hapokei tena simu zangu. Nikampa kondakta wa basi la Nkoma barua hii:

"Nkwimba, kosa lilikuwa langu, katika programu na katika moyo. Programu nimeirekebisha, sasa simu zote zinafuata saa moja ya seva. La moyoni siwezi kulirekebisha peke yangu. Sikuombi urudi. Naomba tu usiamini nilichokuita."

Hajajibu hadi leo. Kwa hiyo, Mwanangu, shaka ikikujia, ianze kukagua mikono yako, na ulimi uwe wa mwisho kuipokea. Programu huandikwa upya, neno halifutiki. Mungu akujalie rafiki mwema, na akupe subira ya kumuuliza kabla ya kumhukumu.