Kifafa cha Bosi

Fundi cherehani wa chumba cha pembeni hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ukimkanyaga hakunyamazii. Aliishi na mbwa wake, Bosi, aliyepata jina hilo kwa kulala juu ya vitambaa vya wateja bila kumwogopa mtu.

Asubuhi moja Bosi alianguka uani, wapangaji wakiwa wanafua. Miguu ikakakamaa, taya zikagongana, povu likamtoka.

"Kichaa cha mbwa!" mmoja akapiga kelele. Ndoo zikaachwa, watu wakatimua mbio. Mwenye nyumba akaja na rungu.

"Sogea, mama. Huyu tummalize kabla hajatuuma."

"Anza na mimi," fundi akamjibu. Hakumgusa mbwa mdomo. Aliondoa tu ndoo zilizokuwa karibu na kichwa chake, akasimama mbele yake mpaka mtetemo ukaisha. Bosi akainuka akipepesuka kama mlevi, akaenda kunywa maji.

Daktari wa mifugo aliangalia cheti cha chanjo, akapima damu, akauliza kama kuna sumu ya panya nyumbani.

"Damu yake haina tatizo," akasema hatimaye. "Hiki ni kifafa. Hakiponi, lakini kinatulizwa."

Alipotaja dawa, fundi akaangua kicheko. "Hiyohiyo ndiyo ninayomeza mimi!"

"Basi usimgawie yako, kipimo chake ni kingine. Na usimkatishe dawa ghafla hata ukimwona mzima."

Jioni hiyo mwenye nyumba alimsubiri uani, wapangaji wamemzunguka. "Mbwa aondoke, au muondoke wote wawili."

Miaka yote fundi alikuwa akijifungia ndani kila alipohisi hali inamjia.

"Ugonjwa wake ndio wangu," akasema kwa sauti. "Nguo mlizovaa nimeshona mimi. Watoto wenu mnaniachia mimi. Haya, nani ananifukuza?"

Kisha jirani yake akauliza polepole, "Kwa hiyo siku ile uliposema umeteleza..."

"Sikuteleza."

Wateja wawili walifuata vitambaa vyao. Aliwakunjia vizuri, hakuwabembeleza. Mwenye nyumba hakumfukuza, ila salamu alikata. Bosi bado huanguka mara mojamoja. Asubuhi na jioni fundi humpa kidonge ndani ya kipande cha nyama, halafu humeza chake palepale uani, mbele ya yeyote anayetaka kutazama.