Nani Anayeitika

Katika miaka ya themanini nilipata kazi ya kusaidia maabara katika shule moja ya wasichana mjini Kisumu, na niliipata kwa cheti cha dada yangu. Yeye alipasi Kidato cha Nne, mimi nikaanguka. Akaolewa Kisian, cheti kikabaki kwenye sanduku la mama, na mama akasema, "Hii karatasi tunawekea mende? Chukua." Nikachukua cheti pamoja na jina. Jumatatu ya kuanza kazi nikawa dada yangu, nikazeeka miaka sita kwa siku moja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mwalimu wa fizikia alitoka Sri Lanka. Wasichana walimwita Mhindi, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Kila saa kumi, nikiosha vyombo, aliketi karibu na dirisha, mgongo wima, macho kayafumba. Wiki ya kwanza nilidhani ana malaria. Nilipomuuliza, akasema anaangalia pumzi yake.

"Kwani inaenda wapi ndio uichunge?"

Akacheka, akanivutia kiti. Alinifundisha kwa Kiingereza chake cha haraka: fuata pumzi ikiingia, ifuate ikitoka. Wazo likija, litazame, usiligombeze, rudi kwenye pumzi. Mimi mtu wa kanisa niliona kufumba macho bila kumwambia Mungu lolote ni uvivu. Lakini nilikaa, maana miguu iliniuma.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuona jambo. Mtu akiniita kutoka ofisini, tumbo lilikaza kabla sijafungua mdomo. Hofu ilitangulia, "naam" ikafuata. Miezi yote hiyo nilidhani ni njaa. Sasa niliiona kila nilipoitwa, na sikuwa na pa kukimbilia. Kazi nisingeweza kuiacha, wala kuungama. Nyumbani, mtaani Kaloleni, sikumkaribisha mtu yeyote wa shule, asije akasikia mama akiniita. Watu husema kutulia huleta amani. Mimi kulinionyesha vyuma vya dirisha tu.

Nikamwambia mwalimu. Cheti sikukitaja, nilisema tu kwamba jina langu linanitisha. Akajibu kwamba katika dini yake jina ni lebo, na ukimtafuta vizuri yule anayeitika, humpati mtu ndani. Nilikasirika kweli. Si ndiye aliyemwaga chupa nzima ya asidi kwa sababu nilibandika lebo isiyo yake? Na pasipoti yake ilikuwa na jina lake mwenyewe! Ni rahisi kulidharau jina ukiwa nalo. Siku tatu sikuketi naye. Ya nne nikarudi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza habari za ndani yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, shemeji yangu alikuja shuleni kwa baiskeli. Siri aliijua, kwa hiyo langoni aliuliza tu yule mama wa maabara. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Dada yako ametuacha. Ni malaria, siku mbili tu."

Kwetu mtu akifiwa hulia kwa sauti akimwita marehemu kwa jina. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Jina lile pale shuleni lilikuwa langu. Mwalimu wa fizikia, pale dirishani, akaniambia nipumue, nami nikapumua.

Mwalimu mkuu alinipa fomu ya ruhusa. "Pole sana, mama. Kifo haizoeleki. Andika hapa jina ya marehemu."

Nilitazama mstari ule mpaka ukanichezea machoni. La dada nisingeweza kuliandika. Nikaandika lile nililopewa na mama siku niliyozaliwa, herufi moja moja, kwa mkono wangu.

Akalisoma. "Tutakuja na lori ya shule, tumzike pamoja."

"Ni mbali, Madam. Ni huko Busia." Kisian, alikoolewa, ni karibu hata kwa miguu.

"Haya, Mungu akutie nguvu. Huyu alikuwa mkubwa wako ama mdogo?"

Pumzi iliingia, nikaiona. Ikatoka.

"Mdogo wangu," nikasema, juu ya mtu aliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea.