Mama Alipotandika Mkeka Mbele

Wengine wakisikia ubani hukumbuka kanisa. Mimi ubani hunikumbusha maduka ya Wahindi tu. Harufu ya kanisa, kwangu, ni harufu ya miyaa ya kusukia mikeka iliyolowekwa maji ikaanikwa kivulini, ile harufu ya ubichi unaoelekea kukauka, iliyochanganyika na utamu mzito wa miwa inayochemshwa kwenye mashamba ya Wazungu nyuma ya mji. Nilikulia kisiwani Nosy Be, mahali paitwapo Andavakotoko, karibu na bandari, na kanisa letu lilikuwa la udongo, limeezekwa makuti, sakafu yake mchanga mweupe tuliouchota ufukweni kila Jumamosi na kuumwaga upya. Viti havikuwamo. Kiti kimoja tu kilikuwapo, cha padri, ambaye sote tulimwita Mompera, na hata yeye alikikalia kwa wasiwasi kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Waumini tulikaa chini, wanaume kushoto na wanawake kulia, na kila nyumba ilikuja na mkeka wake umekunjwa kwapani.

Sasa, usidhani mkeka ni kitu kidogo. Ukiingia kanisani mwetu Jumapili ungejua kila mtu ni nani bila kuuliza jina, kwa kutazama tu mkeka wake umelala wapi. Mbele, karibu na kizuizi cha altare, ilikaa mikeka ya familia huru za Boina, ufalme wa Wasakalava ng'ambo ya kisiwa chetu, watu waliovuka kuja kisiwani pamoja na malkia wao baada ya askari wa Wahova, watu wa milimani, kuishika Mahajanga. Malkia alikuwa ameshafariki, Wafaransa wamepandisha bendera yao, lakini watu wale walisema na kutembea kana kwamba Boina ingali imesimama na wao wangali mlangoni kwa mfalme. Nyuma yao walikaa mafundi na mabaharia. Nyuma kabisa, mlangoni, mahali ambapo mvua ikinyesha inakunyeshea na jua likipanda linakuchoma, tulikaa sisi Wamakua. Mama yangu aliletwa utumwani kutoka pwani ya Wamakua, ng'ambo ya bahari, akiwa msichana mdogo, akauzwa Mahajanga katika nyumba ya mfanyabiashara wa Kiislamu. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili alichonipa mimi, na kusuka mikeka pia. Nyumba ile ilipokimbilia Nosy Be ilikuja naye kama ilivyokuja na masufuria. Baadaye tulisomewa uhuru, mimi nikiwa bado mgongoni, na Mama akabatizwa jina la Veronika. Uhuru ulisomwa kwa Kifaransa. Mama alisema hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa nyuso za waliokuwa wakinuna.

Wiki yetu ilikuwa na njia yake. Jumanne hakuna Msakalava aliyegusa jembe, kwa kuwa ni siku ya mwiko, na Mompera aliyekuwa akihubiri kwamba siku ya kupumzika ni Jumapili alikwisha kuchoka kubishana. Tukapumzika zote mbili. Alhamisi wanawake wa nyuma walikusanyika uani kwa kanisa kusuka na kushona, na hapo ndipo habari zote za kisiwa zilipopita, nani kaposwa, nani kakimbia shambani, nani kapigwa na mumewe na ndugu zake watakwenda lini kuuliza. Ijumaa ya Kwaresima tulifanya Njia ya Msalaba. Jumamosi tulichota mchanga asubuhi, na jioni watoto tulikwenda kwa katekista, Bwana Filipo, kujifunza katekisimu. Filipo alikuwa mtoto wa zile familia za Boina. Alivaa viatu vyeusi, na katika watu weusi wa Andavakotoko sikumbuki mwingine aliyevaa viatu siku zote. Tulivisikia kabla hatujamwona.

Kilichoanzisha mambo ni mahubiri. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, nilipokuwa na umri wa kuota meno ya mwisho, Mompera alisoma maneno ya Mtakatifu Paulo kwamba mbele ya Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru. Akayaeleza kwa Kisakalava chake cha kukwaruzakwaruza, akarudia mara mbili ili tusikose. Nadhani alidhani anasema jambo zuri la kusikiliza, kama watu wanavyosikiliza wimbo. Mama yangu aliliamini. Jumapili iliyofuata alinishika mkono, akapita mlangoni, akawapita wake wa mafundi na mabaharia, akatandika mkeka wake kando ya kizuizi, akakaa akaitengeneza kanga yake.

Filipo alikuja. Aliweka ncha ya kiatu chake kwenye pindo la mkeka, akausukuma, nasi tukiwa juu yake, mpaka Mama akalazimika kuinuka. Kisha akausukuma kwa mguu hivyo hivyo hadi nyuma. Wale mabibi wa mbele walitazama altare. Nawakumbuka shingo zao. Kwetu mtu hakanyagi mkeka wa mtu na viatu. Hata mtoto anayetambaa akiwa na tope huondolewa kwanza. Kila mtu mle ndani alijua hilo, na hakuna aliyejali, kwa kuwa mkeka ulikuwa wa Mmakua.

Jumapili iliyofuata Mama akatandika mbele tena. Na nyingine. Ikawa ni kama sehemu ya Misa, kengele, maji ya baraka, halafu kiatu cha Filipo. Mompera, aliyesali akiielekea altare, ametupa mgongo, ama hakuona ama aliona akaona ni salama kutoona. Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu. Mwaka ule nilikuwa nijiandae kwa Komunyo ya kwanza siku ya Pentekoste, na katekisimu nilikuwa nimeimeza yote, maswali na majibu, hata yale marefu ya sakramenti ambayo watoto wa mbele waliyakatisha katikati wakacheka. Niliitamani Komunyo ile kwa tumbo na kwa roho. Jumamosi moja Filipo akanisimamisha mbele ya wenzangu. Akasema najibu vizuri, lakini sitapokea, mpaka mama yangu ajue pa kukaa.

Nililia njia nzima. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama arudi nyuma, Jumapili moja tu, mbili tu, mpaka Pentekoste ipite. Alikuwa akichana miyaa kwa ukucha, hakuacha.

"Nikirudi nyuma ili wewe upate kula," alisema, "utakula nini? Utakula mgongo wangu."

Nikamwambia Mungu atakasirika.

"Basi akasirike. Akikukataa kwa sababu ya pale nilipokaa, tutajua ni Mungu wa kina nani."

Nilimchukia usiku ule, nasema kweli. Nilimwona mkaidi, mtu anayenipokonya kitu changu kwa ajili ya majivuno yake. Leo hii ningeweza kupambana na mtu yeyote anayemwita mama yangu mwenye majivuno, lakini wakati ule nilikuwa mtoto na nilitaka gauni jeupe na mshumaa.

Siku chache baadaye alimfuata Filipo uani, akamwuliza kwa heshima zote, macho chini, mbele ni pa mikeka gani. Filipo alifurahi kuulizwa hivyo. Akajibu kwamba mbele ni pa waliolitolea kanisa kitu. Mama akashukuru, akaenda zake. Alhamisi ile ile alianza kusuka.

Anayejua mkeka anajua kwamba hausukwi wote kwa mara moja. Unasuka ukili, utepe mmoja mwembamba, mrefu kadiri upendavyo, kisha unashona tepe kwa tepe mpaka upate upana. Mama hakuwaambia wenziwe wanashona nini. Aliwaambia tu kila mmoja alete ukili wake, wa rangi aitakayo, na wakashona kuanzia Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka, wakipiga soga kama kawaida, wanawake wote wa nyuma, Wamakua waliotoka mashambani na vidole vimepasuka kwa miwa. Mkeka ule ulikua. Wiki kwa wiki ulitoka uani ukafika kwenye mti wa kengele, ukapita. Kufikia juma la Pentekoste ilibidi wanawake saba au wanane waukunje pamoja, na walipoubeba ulikuwa mzito kama mtu aliyelala.

Walimpelekea Mompera. Mama alisema kwa Kisakalava kwamba ni zawadi ya wanawake wa nyuma kwa kanisa, mkeka wa kanisa, si wa mtu, utandikwe upande wa wanawake kutoka mlangoni hadi altare. Mompera aliushika, akazipapasa zile rangi, machozi yakamlenga, maana alikuwa mtu mwepesi kuguswa. Akaupokea na kuubariki. Filipo alikuwa amesimama palepale. Sikujua wakati ule kwa nini Mama hakutabasamu hata kidogo.

Asubuhi ya Pentekoste tulifika kabla ya kengele ya kwanza, tukautandika. Uliujaza upande mzima. Mabibi wa Boina walipofika na mikeka yao kwapani hawakupata pa kuitandika isipokuwa juu ya ule, na kutandika juu ya mkeka uliobarikiwa na padri, mbele ya watu, ingekuwa kuuambia umma kwamba unaunyanyapaa. Walisimama kidogo. Kisha Mama Josefina, mzee kuliko wote, shangazi yake Filipo mwenyewe, aliyekuwa na magoti mabovu, aliketi. Mkeka ulikuwa mpya na laini. Wengine wakaketi. Mama akaketi kando yake, nami kando ya Mama, na nyuma yetu wanawake wote mpaka mlangoni, juu ya kitu kimoja.

Watoto wa Komunyo walikuwa wamekaa mbali na sisi, wamevaa nyeupe. Mimi nilivaa gauni la kila siku. Ulipokaribia wakati wa kupokea, Filipo akashuka na mshumaa kuwapanga, akatuona tumekaa mbele. Nafikiri mguu wake ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Alikuja moja kwa moja kwa Mama, akakanyaga mkeka na kiatu chake, akausukuma kwa ncha kama Jumapili zote zile.

Mkeka haukwenda popote. Uliwavuta tu waliokuwa juu yake, na wa kwanza kuyumba alikuwa Mama Josefina.

Mama Josefina alikitazama kiatu kwanza, kisha akamtazama aliyekivaa. Hakupaza sauti.

"Filipo," alisema, "hivi umenikanyagia mkeka wangu?"

Filipo alifungua mdomo aseme ulikuwa wa Mmakua, naona, kisha akatambua hana namna ya kuonyesha wa Mmakua unaishia wapi na wa shangazi yake unaanzia wapi. Akarudi nyuma mpaka mchangani. Mshumaa ulikuwa ukimtonea mkononi naye hajui.

Hapo Mama alinisukuma mgongoni. "Nenda," alisema. Nikaenda, na gauni langu la kila siku, nikapiga magoti mwisho wa mstari, nikaweka mikono chini ya kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya kizuizi. Mompera akaja akigawa, akanifikia, akasita. Alijua sikuwa miongoni mwa waliopangwa. Akanipita, akageuka kwenda altare.

Sikuinuka. Watoto wengine waliinuka, mimi nikabaki nimefungua mdomo, najua nilionekana mpumbavu, machozi yanaingia kinywani. Nikasikia kanga nyuma yangu. Mama alikuwa amepiga magoti kando yangu. Kisha mwanamke mwingine wa nyuma, na mwingine, mpaka kizuizi kikajaa kutoka ukuta hadi ukuta, na mwishoni kabisa Mama Josefina akishuka kwenye magoti yake mabovu, akishikiliwa mkono na Mmakua. Mompera aligeuka akatuona. Alikuwa mtu mwepesi kuguswa, nimesema, lakini safari hii nadhani aliona pia kwamba tusipopokea hatutaondoka. Akashuka, akaanza na mimi.

Nje, Mama hakunikumbatia. Aliniuliza kama nimemeza vizuri, nikasema ndiyo. Akasema basi, twende tukapike.

Filipo aliendelea kuwa katekista, asidhani mtu kwamba dunia iligeuka. Mwaka uliofuata alituagiza tukae upande wa jua, kule mlangoni. Hatukukaa. Mama alikaa mbele mpaka alipozikwa, na wale wanawake wa Alhamisi walikaa naye, na hakuna aliyewahi kutuomba radhi, wala hatukuingoja.

Sasa mimi ni mzee, ninaishi Mahajanga, katika mji uleule ambamo mama yangu aliuzwa. Wahova wamekwenda, Wafaransa wamekuja hadi huku, na Boina ni jina ambalo vijana husikia wazee wakilitaja. Kanisa letu hapa ni la mawe na lina mabenchi mazuri ya mbao. Vijana hunicheka kwa upole nikisema tulikaa chini; wao wanaona tulikuwa maskini, nao wameendelea. Labda. Mimi naona kwamba mkeka ulikuwa mwepesi kusukumwa kuliko benchi, na pia ulikuwa mwepesi kutandikwa upya. Benchi likishapewa familia fulani limepewa.

Wiki mbili zilizopita msimamizi wa kanisa, kijana mstaarabu mwenye tai, alinijia kabla ya Misa. Aliniinamia sikioni kwa adabu, akaniita Bibi, akaniomba nisogee nyuma kidogo kwa sababu benchi lile la mbele lina wageni wa serikali wanakuja. Aliniambia nyuma kuna upepo mzuri. Nilimwuliza kama amewahi kuliona jua la mlangoni saa nne. Akacheka, akadhani natania. Wageni walipofika walikuta nimekaa, rozari mkononi, mjukuu wangu wa kike kando yangu ameinamisha macho kwa aibu, anavuta kanga yangu, ananiomba tuondoke. Nilimshika goti asiinuke.