Chura wa Kinuyo

Wageni wakishuka kwenye kituo cha treni cha Sugabashi, jambo la kwanza wanalofanya ni kuinama. Hawatuinamii sisi, wanainamia mfuniko wa chemba ya maji taka. Wanaupiga picha, wanaufuta matope kwa leso zao nzuri, kisha wanakuja dukani kwangu kuuliza kama kuna mwingine mbele. Mimi nauza tofu, ile jibini ya soya, siuzi ramani, lakini nawaelekeza. Kwetu kila mji una mfuniko wenye picha yake, na wetu ni wa chura.

Chura huyo ameketi akitazama juu, na kumzunguka kuna miduara kama ile inayotokea matone yakianguka dimbwini. Siku ya jua ni chuma tu. Mvua ikinyesha, maji yanajaa kwenye ile miduara, yanatetemeka, na unaweza kuapa kwamba chura anapumua. Na mvua ya huku haina likizo. Tumelelewa tukiambiwa sahau chakula chako cha mchana, lakini usisahau mwavuli. Aliyemchora yule chura aliijua mvua ya hapa vizuri.

Wengi husema aliyemchora ni Bwana Kuramochi Hatsuo, aliyekuwa wa idara ya maji taka. Bwana Kuramochi hakuweza kuchora hata yai. Mimi ni jirani yake, ukuta wa jiko langu unagusana na wa jiko lake, na sisimulii habari za kuambiwa.

Alikuwa mtu mwema, nalisema hilo kwanza kwa sababu nitamsema sana. Aliingia idarani kijana, akashuka kwenye mashimo na tochi mdomoni, akapanda polepole hadi kuwa mkuu wa kitengo kidogo. Unyenyekevu wake ulikuwa wa kuchosha. Ukimsifia viatu vipya, atakueleza vinapombana. Ukimwambia bustani yake imependeza, atakuonyesha palipoota magugu. Watu walimpenda kwa hilo, nami nilimpenda, ila kuna siku nilitamani kumrushia ndoo ya maji.

Mkewe, Kinuyo, alifundishwa tangu msichana kuchora maua kwenye hariri za kimono. Kazi hiyo ikafa mikononi mwake, maana watu waliacha kuvaa kimono wakavaa suruali kama kila mtu. Akabaki na brashi zake ndani ya kisanduku cha mbao nyepesi, akazisafisha kila mwaka mpya kama mtu anayengoja kuitwa.

Basi mji ukataka mfuniko mpya, na Hatsuo akaagizwa alete mchoro. Akaharibu karatasi jioni baada ya jioni. Kinuyo akatazama chura wa mumewe, akasema hicho ni kiazi chenye macho, akamnyang'anya kalamu. Akamuuliza mfuniko unatakiwa ufanye nini hasa. Hatsuo akamweleza kwamba lazima uwe na mifereji kila upande, baiskeli zisiteleze njia ikiwa imelowa. Kesho yake Kinuyo akachuchumaa juu ya dimbwi mbele ya duka langu, mwavuli begani, akitazama matone tu. Wateja wakadhani ameangusha pete. Mwishowe nilimpelekea kigoda.

Mchoro ukapelekwa idarani, na idarani hakuna anayeuliza nani kachora. Kazi ni ya kitengo, ndivyo ilivyo. Kinuyo hakulalamika. Lakini nilimwona anavyotembea mjini baada ya hapo: kila akifika penye mfuniko aliuzunguka. Hakuwahi kumkanyaga chura wake.

Kisha wakaja watu wa televisheni kutoka ng'ambo, wa kipindi cha vioja vya dunia. Wakati wa chakula Hatsuo akamwambia mkewe kwamba huenda wageni wakapita nyumbani kunywa chai. Kinuyo alipika vitamu vya maharage mekundu vya kuliwa baridi, akavaa kimono yake ya rangi ya mawingu, akakitoa kile kisanduku cha brashi na kukiweka mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kukiona. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

"Fusae, wakiniuliza, niseme nini?" aliniuliza.

"Sema umechora wewe, Dada Kinuyo. Kwani uongo?"

"Siwezi kujisemea. Atasema yeye."

Hapo ndipo pabaya. Kwetu mtu hajisifu, na hamsifu wa nyumbani kwake mbele ya wageni, kwa sababu kumsifu mkeo ni kama kujisifu mwenyewe. Mke wa mwenzio utamwita hodari. Wako utasema ni mzito wa akili, na kila mtu atajua kwamba hukumaanisha. Tumezoea hivyo kama tulivyozoea mvua.

Tulisimama kituoni chini ya miavuli, nusu ya mtaa. Mkalimani akauliza nani alimchora chura huyu wa ajabu. Hatsuo akainama, akasema hakuna mtu, ni kazi ya idara. Mgeni hakuridhika. Mtu wa ofisini alikuwa amemnong'oneza jambo.

"Anasema amesikia mkeo ni msanii," mkalimani akasema.

Watu wote wakageuka kumtazama Kinuyo. Nilimwona akinyoosha mgongo kidogo. Hatsuo akawa mwekundu mpaka masikioni, akacheka, akajikuna kisogo.

"Nani, huyu wangu? Huyu hata wali unamshinda. Anauunguza."

Tukacheka, maana ndivyo mtu anavyocheka hapo. Kinuyo naye alicheka, kiganja mdomoni. Nilifungua mdomo niseme, akanivuta mkono wa nguo. Mkalimani akayapeleka maneno kama yalivyo na mgeni akacheka kuliko sisi. Habari ikazunguka dunia: mji wa Wajapani wenye picha nzuri isiyo na mchoraji, na mzee anayelishwa wali ulioungua. Chai hawakunywa, walikuwa na treni ya kuwahi.

Vile vitamu tulivila sisi wawili, mimi na yeye. Kimono ilikuwa bado mwilini.

"Najua alivyomaanisha," aliniambia. "Ningekuwa mimi, ningesema vilevile juu yake. Lakini nilitaka mara moja tu akose adabu kwa ajili yangu."

Kisanduku cha brashi kikaenda chini ya ngazi, pamoja na viatu vya theluji.

Ikapita miaka. Zikaja kadi zenye picha za mifuniko, zile ambazo watu hupanda treni kutoka mbali kuja kuzikusanya, na chura wetu akawa na foleni. Mji ukataka mfuniko wa pili. Hatsuo akamwomba mkewe, wakiwa mezani. Kinuyo akampakulia.

"Mimi kazi yangu wali," akasema, "na wenyewe naunguza."

Alisema bila hasira, nami niliyasikia kupitia ukutani. Hatsuo akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaomba chai.

Asubuhi alikuja kununua tofu akasahau kuichukua. Akasimama pale na chenji mkononi.

"Jirani, mimi niliyasema kwa adabu tu."

"Adabu gani hiyo ya kumfuta mtu?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nikamwambia, na yeye akaitikia kama mtoto. Akaenda ofisini kuomba jina la mkewe liandikwe kwenye kadi. Wakamjibu kwa heshima nyingi kwamba majina ya watu hayaandikwi. Nikamwambia, ofisi ya nini? Mwambie mwenyewe, yuko hapo jikoni kwako.

"Nitaanzaje?" akasema. "Nikimsifu ghafla baada ya miaka yote hii, atadhani naumwa."

Nilicheka, na hadi leo najiuma vidole kwa kicheko kile. Alikuwa anasema kweli. Aliniambia atamwambia maua ya sakura yakichanua. Yakachanua, yakapukutika. Akasema atamwambia akistaafu, wakienda kwenye chemchemi za maji moto. Aliyeumwa akawa Kinuyo, na hakuumwa siku nyingi, aliondoka duniani haraka, katikati ya mvua za mwezi wa sita. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja kuishi nyumbani kwa Hatsuo moja kwa moja.

Sasa utamkuta kituoni kila mvua ikinyesha, na mwavuli na simu inayotafsiri lugha. Mtu yeyote akiinama juu ya chura, Hatsuo anamsogelea. "Mke wangu ndiye aliyemchora. Alikuwa hodari. Hapakuwa na kama yeye." Watoto wa shule wanamwigiza. Mtu ambaye hakuweza kusifia viatu vyake amekuwa mpiga debe wa mkewe, na hachoki.

Wiki hii nilikuwa napita na ndoo za tofu nikamkuta na wageni wawili, mwanamke na mwanamume, wamelowa chapachapa. Simu ikawasemea maneno yake. Mwanamke akaweka mkono kifuani, akasema kitu, na simu ikatusemea sisi: "Tunaweza kwenda kumsalimia?"

Hatsuo akanitazama. Nikangoja aseme amekufa. Naye akasema, "Njooni mnywe chai."

Nikaenda nao, maana nilijua hana vikombe safi. Akawaketisha mbele ya kabati dogo la kuwakumbukia marehemu, penye picha ya Kinuyo, ubani na bakuli la wali anaomwekea kila asubuhi. Kile kisanduku cha brashi kilikuwa pembeni, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kukiona. Wageni walielewa, wakainamisha vichwa. Hatsuo akapiga magoti, akakohoa.

"Kinuyo, wageni wamefika. Nimewaambia ni wewe."

Nikageukia birika. Yule mwanamke akalionyesha lile bakuli, akauliza kwa upole mbona wali wake ni wa kahawia, kama ni desturi ya huku.

"Hapana," Hatsuo akaiambia simu. "Umeungua. Nimepika mimi. Yeye hakuunguza hata siku moja."

Simu ikawatafsiria na hilo.